Swaibu Chande, Rubani wa Chini Chini

Watu wa Kasingirima, mtaa wa Ujiji, walikuwa wamezoea kumwona Swaibu Chande akipita. Ukimkaribisha kahawa barazani aliinywa wima, na kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani alikwisha kukurudishia kikombe na kushika njia. Asubuhi alitoka Ujiji kwa miguu hadi mwalo wa Katonga, akashinda huko akifungua na kufunga injini za boti za wavuvi, jioni akarudi kwa miguu vilevile. Akifika nyumbani aliupita mlango wake kama mgeni asiyeujua, akazunguka nyuma ya nyumba, ndipo akaingia. Mkewe, Hasna, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliwaambia wateja wake kwamba mumewe hajawahi kumaliza sahani ya wali akiwa amekaa.

Hakuzaliwa hivyo. Waliosoma naye wanamkumbuka kama mtoto mtulivu, mwana wa muuza mawese, ambaye angeweza kukaa kutwa nzima juu ya gunia la baba yake akitazama boti zinavyoingia. Alifaulu, akapelekwa Tabora kusoma, na kutoka Tabora akaingia jeshini. Jeshi lilipotafuta vijana wenye macho mazuri na moyo usiopapatika, lilimchagua, likampeleka China kujifunza kurusha ndege za vita. Huko aliona theluji, akajifunza kula kwa vijiti, akarudi nyumbani na bawa dogo la chuma kifuani. Ujiji nzima ilitoka kumtazama. Hasna alikuwa miongoni mwa waliotoka kumtazama.

Kisha ikaja vita ya Kagera, na Swaibu akapewa kazi ya kuruka chini.

Maneno hayo mawili, kuruka chini, ni mepesi kwa asiyejua. Rubani aliye juu ana nafasi ya kufikiri. Anaiona dunia kama ramani, na kosa lake lina pa kusahihishiwa. Aliye chini hana nafasi hiyo. Anaruka usawa wa vilele vya miti ili mitambo ya adui isimwone, na kwa kasi ile kichuguu kilicho mbele kinakuwa nyuma kabla hajakiita jina. Mkono ukisinzia, ardhi inamchukua. Akikutana na ndege mnyama, mmoja tu, korongo au tai, kioo kinaingia ndani. Wenzake wengi waliifanya kazi hiyo kwa sababu waliamriwa. Swaibu aliifanya vizuri kupita wote, wakambatiza jina la Chini Chini, na jina likamkaa.

Vita ilipokwisha aliendelea na jeshi kwa miaka kadhaa. Halafu asubuhi moja, bila ugomvi na mtu, aliweka kofia yake ya rubani juu ya meza ya mkubwa wake na kuomba kuondoka. Alipoulizwa sababu alisema amechoka. Hasna naye alijibiwa hivyohivyo. Wakarudi Ujiji, akajifunza injini za boti, na kutoka siku hiyo hakupanda ndege tena. Lakini pia hakutulia. Ndege yoyote iliyokuja kutua uwanja wa Kigoma ilimtoa nje, hata akiwa na sabuni mwilini. Angesimama uani na taulo kiunoni, shingo juu, mpaka mlio upotee. Hasna alijifunza kutomuuliza.

Mwishoni mwa mwaka tisini na sita, mji ulijaa. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wakija tangu tisini na tatu, kwa hiyo watu walidhani wamekwisha kuona yote. Sasa vita ikawaka upande wa pili wa ziwa, na watu wa Uvira, Baraka na Fizi wakajitupa majini kwa chochote kilichoelea. Kila asubuhi boti ziliingia Kigoma zikiwa zimelemewa mpaka maji yanachungulia ndani. Uwanja wa mpira ukawa mji. Huko Ujiji nyumba nyingi zilifungua milango, kwa kuwa nani asiye na shangazi au babu ng'ambo? Bibi yake Hasna alizaliwa huko. Ndivyo Mwanvua alivyofika kwao, akiwa na kitenge kimoja, kiatu kimoja, na sauti iliyokauka kwa kuita.

Ndege za misaada nazo zilianza kuja, asubuhi na alasiri. Swaibu akakonda. Aliacha spana ndani ya injini za watu, akazisahau, akarudi kuzitafuta. Hasna alimsikia akizungukazunguka uani kabla ya alfajiri.

Siku ya pili ya kukaa kwao, Mwanvua aliukataa uji. Aliketi kwenye kizingiti, mikono kichwani.

"Mwanangu, kunywa hata kidogo," Hasna alimwambia.

"Mama Hasna, nitakunywaje? Mama yangu na mutoto wangu habakufika."

Hapo ndipo alipowasimulia. Walitoka pamoja, boti tatu, ufukweni upande wa Baraka. Kulikuwa na milio ya risasi mlimani, watu wakasukumana, na katika kusukumana huko mama yake, Bibi Zaitun, na binti yake, Ikram, wakaingizwa boti nyingine. Boti mbili zilivuka. Ya tatu, waliyokuwamo hao wawili, ilizimika injini katikati ya ziwa. Wenye boti mbili walitaka kuivuta lakini dhoruba ikashuka, kamba ikakatika, na kulipokucha haikuonekana.

"Papa Swaibu," Mwanvua alisema, akimgeukia, "banasema unajua injini. Injini ikikufa, boti inaenda wapi?"

"Inaenda kunakokwenda upepo," Swaibu alijibu. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Katonga alimkuta Pastory, mvuvi wa Ilagala, aliyekuja kuuza migebuka. Wawili hao walijuana kwa sababu injini ya Pastory ilikuwa haipiti mwezi bila kuugua. Swaibu alimweleza. Pastory akaacha kupanga samaki wake.

"Mzee, kuna kitu tulikiona jana jioni," alisema polepole. "Kusini ya mdomo wa Malagarasi, mbali sana, karibu macho yapotee. Chombo kikubwa, hakina tanga, hakina moshi. Tukadhani ni wavuvi wanasubiri giza. Ziwa lilikuwa bovu, hatukwenda."

"Kilikuwa kinakwenda?"

"Kilikuwa kinazunguka tu. Kama jani."

Boti ya polisi ilikuwa kaskazini ikivusha watu. Wavuvi wawili walikubali kwenda kutafuta, lakini kila mmoja aliyasema yaleyale: ziwa ni pana, na kutoka ndani ya mtumbwi huoni zaidi ya mawimbi matatu mbele yako. Swaibu alisimama ukingoni, maji yakimlowanisha viatu. Juu yake ndege ndogo nyeupe ilipita ikielekea uwanjani. Alimjua aliyeirusha. Kwa majuma kadhaa alikuwa akimkwepa.

Feliksi alikuwa rubani wa ndege za mizigo wakati wa vita, wakati Swaibu akiruka chini. Walikula sahani moja Mwanza. Baada ya jeshi, Feliksi hakuacha usukani. Sasa alikodishwa na shirika moja la misaada kubeba dawa na madaktari, na kila alipotua Kigoma aliuliza habari za Swaibu, na kila alipouliza aliambiwa, ametoka tu sasa hivi. Alipomwona siku hiyo akivuka uwanja wa ndege kwa mwendo wake ule wa kukimbizwa, alitua sanduku la dawa chini.

"Chini Chini! Leo umekosa pa kujificha?"

"Una mafuta kiasi gani?" Swaibu hakusalimia.

Feliksi alimtazama usoni, akaacha mzaha. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Jana nilipita huko kusini nikitoka Mpanda. Sikuona kitu."

"Ulipita juu kiasi gani?"

"Juu ya kawaida. Bwana, mimi nina wakubwa. Wameniruhusu kutafuta boti, tena si mara moja tu. Lakini si chini ya futi elfu. Nikishuka, nikivunja hii ndege, hakuna dawa Kigoma nzima."

"Futi elfu, na maji yanang'aa namna hii? Utaona ziwa, Feliksi. Watu hutawaona."

"Basi njoo uniangalizie wewe." Feliksi alisema hivyo akijua anasema nini. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Ama usije. Mimi sitakulaumu."

Swaibu alilishika bawa la ndege ile. Bati lilikuwa la moto kwa jua. Alisimama hapo muda wa mtu kusema shahada, kisha akazunguka upande wa pili na kupanda.

Walipoinuka alibana mikono katikati ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Walifuata ufuko kwenda kusini. Milima ilibaki kushoto, ikiwa ya kijani kwa mvua za mwanzo. Walipita Ilagala, wakaliona tope la Malagarasi likiingia ziwani kama chai ya maziwa iliyomwagika, wakageuza pua kuelekea maji mengi. Feliksi alishuka mpaka futi elfu, kama alivyoahidi wakubwa wake. Jua liligonga maji na kurudi machoni. Kila povu lilikuwa boti, na kila boti ikawa povu. Walienda, wakarudi, wakahama kidogo, wakaenda tena.

"Sioni," Feliksi alisema.

"Shuka."

"Swaibu."

"Tukiwa chini, mng'ao wa maji hautatupofusha na chombo kitasimama juu ya mstari wa maji. Kitaonekana cheusi. Shuka, au nipe mimi."

Feliksi alipumua kwa nguvu. Akafikiri, pengine, juu ya wakubwa wake, na pengine juu ya mtoto aliyekuwa akizungushwa kama jani. Akaachia usukani.

Mikono ya Swaibu ilitoka katikati ya mapaja bila kuulizwa. Aliisukuma pua chini, na maji yakaja juu kwa haraka, yakapoteza rangi ya bati, yakawa mawimbi, kila wimbi na mgongo wake. Akainyoosha ndege. Kivuli chao kilikimbia pembeni mwao, karibu kiasi cha kudhani wangegusana. Feliksi alishika kiti kwa mikono miwili.

Na hapo likamjia Swaibu jambo ambalo alikuwa akilikimbia kwa miaka yote ile. Lilikuwa furaha. Kifua kilifunguka. Miguu iliyokuwa haitulii ikatulia tuli juu ya pedali. Damu ilikuwa ikimwambia, karibu nyumbani.

Kwa sababu hakuna aliyejua, hata Hasna, kwamba aliipenda vita kwa upande huo mmoja. Aliogopa, ndiyo, alitapika kabla ya kupanda kama wengine. Lakini akishafika chini, mafunjo ya mto Kagera yakilala chini ya tumbo la ndege na ng'ombe wakitimka, alikuwa mtu kamili kuliko alivyopata kuwa. Kisha ikaja asubuhi ile. Aliamriwa kuushambulia msafara wa malori ya adui upande wa pili wa mto. Alishuka, akaiona barabara, akaona vumbi, kidole kikiwa tayari. Vumbi likafunguka. Hayakuwa malori ya jeshi. Walikuwa watu wanaokimbia vita, wenye baiskeli, magodoro na mbuzi. Hakufyatua. Hilo alilijua na Mungu alilijua. Lakini wao hawakujua kwamba hatafyatua. Waliuona mdomo wa ndege, wakausikia mlio unaopasua kichwa, wakajitupa kwenye kinamasi cha mafunjo kushoto na kulia, wenye watoto mgongoni pia. Mwanamke mmoja hakukimbia. Alisimama katikati ya barabara na furushi kichwani, akamtazama. Swaibu aliuona uso wake kwa muda mfupi kuliko kupepesa, na ulimtosha kwa maisha.

Alirudi kambini akiwa na risasi zake zote. Mkubwa wake alimsifu kwa macho yake mazuri. Hakuna aliyeweza kumwambia jinsi watu wale walivyotoka kwenye kinamasi, au kama walitoka. Jioni, walipokuwa wakinywa chai, aligundua kwamba anatamani kupanda tena. Ndilo lililomshinda kulibeba.

"Pale!" Feliksi alipiga kelele. "Kulia, pale!"

Ilikuwa nyeusi juu ya mstari wa maji, kama alivyosema. Swaibu aliielekea. Ilikua mbele yao: boti ndefu ya mbao, imelala upande, imejaa vichwa, kitambaa chekundu juu ya mti. Watu! Moyo wake ukaruka. Na kwa sababu ya furaha ile, na kwa sababu mikono yake ilijua njia moja tu ya kukifuata kitu, alikwenda moja kwa moja, pua mbele, chini chini, kama zamani.

Akaona vichwa vinageuka. Akaona mtu mmoja, mzee, akisimama na kupunga mikono, akisukuma watu kuelekea majini. Kisha mzee akajirusha. Wengine wakamfuata.

"La! La! La!" Swaibu alipaza sauti, akivuta usukani kifuani. Ndege ilipanda ikilia. Boti ikapita chini yao, na ndani yake watu walikuwa wamelala kifudifudi, mikono juu ya visogo.

Jasho lilimtoka mpaka machoni. "Wamedhani tunawapiga, Feliksi. Wamedhani tunawapiga."

"Nipe usukani."

"Usirudi kwao! Zunguka mbali. Punguza mwendo. Wape ubavu, waone ubavu."

Feliksi alipunguza mpaka ndege ikawa kama inatembea. Walizunguka mbali, ubavu ukitazama boti. Swaibu alifungua kidirisha, akavua shati lake jeupe, akalitoa nje, likapepea na kumpigapiga mkono. Alipiga kelele pia, ingawa alijua sauti haifiki. "Njooni ndani! Rudini ndani!" Mzunguko wa kwanza hakuna aliyeinuka. Mzunguko wa pili akaona mkono. Mara kitambaa chekundu kikaanza kupungwa, na watu botini wakatupa kamba na kuanza kuwavuta waliokuwa majini, mmoja mmoja.

Feliksi aliita Kigoma kwa redio na kueleza mahali. Lakini kutoka Kigoma ilikuwa mbali, na wingu lilikuwa likikusanyika juu ya milima ya Kongo. Wakarudi kuelekea Ilagala, wakaukuta mtumbwi wa Pastory, ambaye alikuwa ameziacha biashara zake na kutoka na ndugu zake kutafuta. Walimpita kwa ubavu, polepole, wakitikisa mabawa, wakaelekea kusini-magharibi, wakarudi, wakarudia. Pastory alisimama, mkono juu ya macho, kisha akageuza mtumbwi na kuwafuata. Walimwongoza hivyo, kwenda na kurudi kama mtu anayemwongoza mgeni mwendo wa pole, mpaka mshale wa kipimo cha mafuta ukamfanya Feliksi aseme basi. Walipoondoka, mtumbwi na boti vilikuwa vimekwisha kuonana.

Jioni watu walivutwa mpaka Ilagala, na kesho yake wakaletwa Katonga. Mwanvua alikuwa majini mpaka kiunoni kabla boti haijatia nanga. Mama yake alishushwa amebebwa mgongoni, amekauka midomo, akiuliza kama kuna tumbaku. Ikram alishuka mwenyewe. Mwanvua alimkumbatia mtoto, akaanguka naye majini, wakawa wanalia na kucheka na kukohoa maji. Hasna alilia naye. Swaibu alisimama nyuma ya watu.

Nyumbani, mtoto aliposhiba, alianza kusimulia bila kuulizwa. Njaa, mvua, usiku. Kisha akasema, "Halafu ndege ikakuja chini sana. Babu Bonifasi akasema, rukeni, rukeni majini! Akaruka wa kwanza. Wengine banavutwa na kamba. Babu Bonifasi hapana. Hatukumuona tena."

Hasna alimtazama mumewe. Mahali alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu.

Kwa siku nzima alizunguka. Alifika uwanja wa mpira, akarudi. Akafika tena, akarudi. Mara ya tatu aliingia na kuuliza, wakamwonyesha mama mmoja mwembamba, Agnesi, aliyekuwa ameketi juu ya kipande cha turubai akichambua maharage ya mgawo. Ndiye mjane wa Bonifasi. Swaibu alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Niko sawa, mama. Nina neno fupi."

"Mimi siwezi kuongea na mtu huku nimevunja shingo," Agnesi alisema. "Kaa."

Akakaa. Akamwambia kwamba mikono iliyoishika ndege ile ilikuwa yake. Akamwambia alikuja chini apate kuwaona, na kwamba hakufikiri. Hakutaja vita ya Kagera. Mama yule aliendelea na maharage yake mpaka akamaliza kiganja alichokuwa nacho.

"Bonifasi hakuwa mwoga," alisema hatimaye. "Usidhani alikuwa mwoga. Katika vita ya zamani ya kwetu Kongo, tulipokuwa vijana, mimi nina mtoto wetu wa kwanza tumboni, ndege zilikuwa zinapiga boti kwenye ziwa hilihili. Yeye alikuwa kwenye boti moja. Akaruka. Waliobaki ndani walikufa wote. Basi miaka yote aliwaambia watoto wetu, ukiona ndege inakuja chini, maji. Maji ndiyo yatakuokoa." Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Alifanya alichokijua."

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme. Na usiningojee mimi niseme kitu cha kukufanya ulale. Sina kitu hicho. Nimekitafuta niwe nacho mwenyewe, sijakipata." Alichota maharage mengine. "Ila boti bado zinakuja. Kuna dada yangu sijui yuko wapi. Utapanda tena hiyo ndege?"

"Sijui."

"Ukipanda, usitujie na mdomo. Tujie na ubavu, na polepole. Tuone kwamba ndani mna mtu."

Kesho yake Swaibu alikuwa uwanja wa ndege kabla ya Feliksi. Hakushika usukani tena. Alikataa hata alipopewa. Alikaa upande wa dirisha, akiwa na shuka jeupe ambalo Hasna alikuwa amelikunja upindo na kulishonea kamba, akaangalia maji. Feliksi alipata ruhusa ya wakubwa wake kushuka kidogo zaidi, na njia waliyoitumia ikawa ile ya Agnesi: mbali kwanza, ubavu, polepole, shuka nje. Majuma yale walipata boti ambazo zilikuwa zimepotea na wakaziletea wavuvi. Walipata pia boti moja tupu, ikielea vizuri kabisa, sufuria imefungwa kwenye ubao. Waliizunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Dada yake Agnesi hakupatikana katika hizo zote. Aliibuka mwenyewe, miezi baadaye, akiwa amevuka kutokea Kalemie.

Mvua kubwa zilipokwisha na boti kupungua, ndege ya Feliksi ilihamishwa. Waliagana uwanjani kwa kupeana mikono, na Feliksi alipoondoka alizunguka juu ya mji mara moja, ubavu. Mwanvua, mama yake na Ikram walipelekwa kambini na wenzao. Hasna aliwafungia sufuria na vitenge viwili alivyovishona mwenyewe. Bibi Zaitun hakumaliza mwaka huko, na Swaibu alikwenda kumzika. Agnesi alikuwapo. Alimwuliza Swaibu kama bado hakai mpaka alazimishwe; Swaibu akasema ndiyo, naye Agnesi akatikisa kichwa.

Jioni ile aliporudi kutoka mazikoni, alimkuta Hasna kwenye cherehani. Alichukua kigoda, akakaa karibu naye, na kabla miguu haijabadili nia akamwambia yote: barabara, vumbi, mwanamke mwenye furushi. Halafu akamwambia na lile jingine, kwamba aliipenda kazi ile, kwamba hata siku ya boti, kabla hajawaona wale watu, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata ndani ya nyumba hii. Alisema akitazama sakafu.

Hasna aliisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Umefikiri sijui?" alisema. "Ulipokuwa ukija likizo wakati wa vita, ulikuwa unacheka usingizini. Ulipoacha ndege, ukaacha kucheka. Mimi nililala pembeni yako, Swaibu. Nilidhani ni mwanamke."

Swaibu alishtuka, akamtazama. Hasna hakuwa akitania. Miaka ile yote alikuwa amebeba uchungu wa mwanamke ambaye hakuwapo.

"Hakuwapo mwanamke," Swaibu alisema.

"Sasa najua." Hasna alivuta kitambaa, akaukagua mshono kana kwamba ndio uliokuwa ukizungumzwa. "Ungeniambia. Na mimi ningekuwa nimepumzika mapema."

Wakakaa hivyo. Nje ndege ya jioni ilianza kusikika upande wa kaskazini, ikishuka. Miguu ya Swaibu ilisogea. Hasna aliiona.

"Nenda," alimwambia. "Nenda kaitazame, kisha urudi unishikie hii taa. Nina gauni la watu la kesho."

Akatoka kwenda uani.